Kilo Moja ya Soya

Meli imetoka Brazili, siku thelathini na mbili majini,
na mimi, Zamzam binti Hilali,
mpima unyevu wa bandari ya Sohar,
naipokea kwa kijiko.
Bomba refu linazama katika shehena
linarudi na kiganja cha mbegu za manjano,
mviringo, ngumu, kila moja na kidoa chake
kama jicho lisilopepesa.
Kumi na mbili nukta nne. Natia sahihi.
Zinaruhusiwa kwenda kusagwa, kukamuliwa,
mafuta upande huu, mashudu upande ule.

Ukinunua kuku sokoni, umenunua soya.
Ukivunja yai, ukichovya biskuti kwenye chai,
imo. Huingia majumbani kwa mlango wa uani,
haipigi hodi, haiitwi kwa jina.
Miaka tisa naipima
na sijawahi kuionja.

Basi Alhamisi ile nikaomba kilo moja,
sampuli zilizobaki, zile za kutupwa,
nikampelekea mama.
Mama, mzaliwa wa Mkunazini,
aliyehamia huku na kinu na mbuzi ya kukunia nazi
na mpaka leo hajui kwa nini alibeba pasi ya mkaa.
Akazimwaga kwenye ungo, akazipepeta kidogo.
"Choroko si choroko, mbaazi si mbaazi.
Ndiyo nini?"
"Soya, mama. Dunia nzima inaila."
"Mimi si dunia nzima."

Lakini akaroweka nusu yake.
Akatia tui, kitunguu, bizari,
akachemsha mpaka mtungi wa gesi ukakohoa.
Maganda yakaelea kama kucha,
harufu ya majani mabichi ikapanda mapazia.
Akaonja moja, akaitema kiganjani kwa adabu.
"Wape kuku."
"Ndio wanaokula, mama."
Hakucheka.

Warsini alikuwa anaosha masufuria.
Kwa Kiswahili alichookota jikoni mwetu,
kimoja kimoja, kama mchele uliomwagika, akasema:
"Bibi, hiyo nusu nipe mimi."

Akazisugua majini mpaka zikavua nguo,
akazichemsha, akazianika juu ya kanga.
Kutoka ndani ya sanduku lake la safari
akaleta unga mweupe
uliokunjwa katika ukurasa wa gazeti la kwao.
Akakata majani ya mgomba penye falaji,
akafunga vifurushi vinne,
akaviweka juu ya friji, penye joto lisilolala.

Usiku wa kwanza, kimya.
Usiku wa pili mama akapita kwenda kunywa maji:
"Kuna maiti juu ya friji yangu."
Asubuhi ya tatu Warsini akafungua.
Pamba. Mbegu zote zimeshikana,
nyeupe, zina uvuguvugu.
"Zimeota ukungu! Katupe!"
Warsini hakutupa. Aliinama akanusa,
amefumba macho,
kama mtu anayenusa utosi wa mtoto.
Wake alimwacha Java anatambaa;
sasa yuko darasa la kwanza.

Miaka sita mle ndani.
Tumemfundisha boko-boko, vitumbua, mchuzi wa papa.
Hakuna aliyemuuliza
kwao wanakula nini.

Akakata vipande vyembamba, chumvi, thomu,
akakaanga. Niligeuza chupa ya mafuta nisome:
soya ndani ya soya.
Nikamwambia akae. Akaketi ukingoni mwa kiti,
mguu mmoja bado unaelekea kwenye jiko.

Mama akachukua kipande kidogo kuliko vyote.
Akatafuna upande wa kulia, penye meno.
Tulisikia friji inanguruma.
Akachukua cha pili.
"Inataka ndimu," akasema.
Warsini akainuka haraka.
"Kaa," mama akasema,
"nitakata mwenyewe."